Kabla Hujailaumu Mbegu: Namna ya Kujua Kama Minyoo wa Mimea Wamekuja na Punje, Mche au Udongo

Watu huja na mfuko wa mbegu mkono huu na mche wa nyanya uliong'olewa mkono ule. Mizizi imevimba mafundo toka shinani hadi nchani, na mwenyewe ameshatoa hukumu: mbegu ilikuwa mbovu. Kazi yangu ni kukagua mbegu na mizizi kwa hadubini, kwa hiyo jibu ninalo, na najua halitampendeza. Kwa nyanya, mbegu haihusiki. Fungua mfuko wowote, kagua punje moja baada ya nyingine, hutamkuta mnyoo fundo, yaani yule mnyoo mdogo anayevimbisha mizizi, hata mmoja.

Ila usiondoke na wazo kwamba mbegu hazibebi minyoo. Zipo zinazobeba, tena kwa wingi wa kutisha. Ndani ya kitu kimoja kinachofanana na punje ya ngano wanaweza kulala maelfu. Cha kujiuliza ni hiki: mnyoo huyu anaishi sehemu gani ya mmea? Anayekaa mizizini atasafiri na chochote kinachotoka ardhini. Anayepanda juu mpaka kwenye ua au suke, huyo ndiye anayeweza kuingia kwenye punje. Maelekezo yote yaliyo hapa chini yanatokana na swali hilo.

Anza na mzizi

Usiung'oe mmea kwa kuuvuta. Mizizi membamba itakatikia ardhini, na ushahidi uko kwenye hiyo membamba. Chimbua kwa uma wa shamba ukiwa mbali kidogo na shina, nyanyua na bonge lake la udongo, kisha litumbukize kwenye ndoo ya maji na uliache lilegee lenyewe. Ukisugua kwa haraka utapoteza ulichokuwa unatafuta.

Kama mmea ni wa jamii ya kunde, kuwa mwangalifu, maana mikunde huota vinundu vyake vya halali vinavyokaa bakteria wa naitrojeni. Kinundu cha bakteria kimebandikwa ubavuni mwa mzizi. Ukikisukuma kwa kucha kinabanduka, na ukikipasua wakati kinafanya kazi, ndani ni chekundu au cha waridi. Fundo la mnyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Huwezi kulibandua bila kuukata mzizi. Nimewahi kuletewa maharage yenye afya njema kabisa, mizizi imejaa vinundu vya waridi, na mwenye shamba yuko tayari kuyang'oa yote.

Ukishapata fundo la kweli, lisogeze kwenye mwanga na ulitazame kwa lenzi ya mkono. Juu ya ngozi ya mzizi utaona vidonge vidogo vya utelezi, vya rangi ya kahawia iliyopauka, visivyofika milimita moja au vinavyofika kwa shida. Hayo ni mafungu ya mayai, na fungu moja lina mayai mia kadhaa. Sasa lipasue fundo taratibu kwa ncha ya wembe. Kama una subira na mkono hautetemeki, utamkuta jike: mweupe, anang'aa, tumbo limejaa na shingo nyembamba imezama ndani ya mzizi. Ukimgusa kwa nguvu anapasuka.

Huyo jike hajawahi kutoka hapo tangu alipotulia. Aliingia akiwa bado mchanga, mwenye urefu wa kama milimita 0.4, akiogelea kwenye utando wa maji unaozunguka chembe za udongo, akapenya karibu na ncha ya mzizi, akachagua mahali, akaanza kula na kunenepa. Miguu hana, na baada ya kunenepa hata kujinyonganyonga hawezi. Hana namna ya kulifikia tunda, achilia mbali kuingia kwenye mbegu iliyo ndani ya tunda. Watoto wake nao wanahitaji unyevu. Tone la maji likikauka juu ya punje ndogo, kama kulikuwa na kifaranga cha mnyoo fundo humo, kimekwisha. Ndiyo maana nasema bila wasiwasi kwamba mbegu za nyanya, pilipili, bilinganya, kabichi, tango na tikiti haziwezi kukuletea mafundo.

Basi yametoka wapi? Mara nyingi ni udongo wa kitalu. Mche unaotoka kwenye tuta au trei yenye udongo wenye minyoo huwa umeshaambukizwa siku unapouhamisha, ila mafundo yake ni madogo mno kuonekana kwa mtu mwenye haraka. Baada ya udongo wa kitalu kuna tope kwenye majembe, matairi na viatu, kuna maji yanayotiririka kutoka shamba la juu, na kuna magugu yaliyobaki shambani msimu uliopita, kwa sababu mnyoo fundo anakula mimea ya aina nyingi sana na hachagui kama mwenyewe kaipanda au imejiotea.

Udongo wa kitalu una kipimo kisichohitaji hadubini. Jaza udongo unaoshuku kwenye vyungu viwili vitatu, na chungu kimoja kijaze udongo huo huo baada ya kuupika ukiwa na unyevu. Udongo wote, hadi katikati ya chombo, ufike nyuzi 60 za Selsiasi na ukae hapo nusu saa. Panda mbegu za tango au nyanya kutoka mfuko mmoja kwenye vyungu vyote. Subiri wiki nne hadi sita, kwa kuwa kwenye joto la wastani mnyoo fundo humaliza kizazi kimoja ndani ya wiki tatu au nne hivi. Ng'oa, osha, tazama. Kama mafundo yapo kwenye vyungu vya udongo mbichi na hayapo kwenye kile cha udongo uliopikwa, kesi ya mbegu imefutwa, na sasa unajua cha kufanya: pika udongo wa kitalu, au otesha kwenye kitu kingine kabisa kisichokuwa udongo wa shamba.

Mbegu zenye hatia ya kweli

Ngano ndiyo ya zamani kuliko zote. Mnyoo wake anaitwa Anguina tritici. Katika suke lenye ugonjwa, mahali pa baadhi ya punje pameota vidonge vigumu, vya kahawia iliyokolea au vyeusi, vifupi na vya mviringo zaidi kuliko punje halisi. Nitaviita punje bandia. Chukua moja ikiwa kavu, iweke juu ya kioo na uipasue kwa wembe. Ganda linakataa kidogo, kisha linaachia, na ndani hakuna unga wa ngano: kuna kitu cheupe, kikavu, chenye nyuzinyuzi. Dondoshea maji. Mwanzoni hakitokei kitu, na mtu anayetazama mara ya kwanza hudhani amedanganywa. Mwache anywe chai. Akirudi atakuta uzi mmoja unajikunja, halafu wa pili, na baadaye tone zima lina mtikisiko. Kila uzi ni mnyoo mchanga aliyekuwa amekauka bila kufa.

Padri Mwingereza Turbervill Needham aliona jambo hilo hilo mwaka 1743, na maandishi yake ndiyo ya kwanza kumtaja mnyoo anayeishi kwa kuiba mimea. Minyoo fundo wenyewe, wanaolalamikiwa kuliko wote leo, walikuja kuelezwa na Mwingereza Berkeley, mtaalamu wa kuvu, mwaka 1855, kwenye mizizi ya matango huko Uingereza. Maana yake mnyoo wa mbegu alitangulia kujulikana kwa zaidi ya karne nzima. Nalitaja hili kwa sababu nakutana na watu, hata wenye vyeti, wanaosema minyoo wa mimea ni jambo la mizizi tu.

Ukavu huo wa mnyoo wa ngano ndio nguvu yake. Ndani ya punje bandia iliyowekwa pakavu, minyoo wa Anguina wamefufuliwa baada ya zaidi ya miaka 25. Lakini akishatoka kwenye ganda na kuingia udongo wenye unyevu bila kuikuta ngano au jamaa zake wa karibu, hadumu. Hapa mkulima ana bahati: mbegu safi, pamoja na msimu mmoja au miwili ya zao lingine, humwondoa shambani. Ukiangalia magonjwa ya mimea kwa jumla, machache yanaondoka kwa bei rahisi namna hiyo.

Mpunga una Aphelenchoides besseyi, na huyu ni mjanja zaidi kwa kuwa hatengenezi kitu cha kuonekana kwenye punje. Anajikunja kati ya kapi na mchele, anakauka, anasubiri. Katika ghala kavu anaweza kusubiri miaka miwili hadi mitatu. Mbegu ikilowa naye anaamka, anapanda na kichipukizi, anakula kwenye sehemu laini inayokua, na mwishowe anajipenyeza kwenye masuke mapya. Shambani tafuta majani ambayo ncha zake, kama sentimita 3 hadi 5, zimekuwa nyeupe na baadaye zinakauka na kuchanikachanika. Tafuta pia jani la mwisho lililojisokota likalibana suke lisitoke vizuri. Tatizo ni kwamba zipo aina za mpunga zinazombeba bila kuonyesha dalili yoyote, kwa hiyo shamba zuri machoni si cheti cha usafi. Kwa upande mwingine, huyu hawezi maisha marefu ndani ya udongo. Shamba likishambuliwa, ni kweli kabisa: angalia mbegu kwanza.

Yupo na Ditylenchus dipsaci, mnyoo wa shina na vitunguu, ambaye ana sura nyingi na wenyeji wengi. Kwenye maharage mapana anaingia chini ya ngozi ya mbegu. Mbegu inakuwa ndogo, imekunjamana, ina madoa meusi. Anapatikana kwenye mbegu za vitunguu na za alfalfa (mmea wa malisho), mara nyingi akiwa kwenye vipande vya majani na vikonyo vilivyochanganyika na mbegu. Zao linapokauka, minyoo wachanga wa hatua ya nne hukusanyika pamoja na kukauka wakiwa vishungi vyeupe kama pamba, na vishungi hivyo vimefufuka baada ya zaidi ya miaka 20. Ukifungua gunia la maharage mapana ukaona vijisufi vyeupe vimeshikana na mbegu, usidhani mara moja ni ukungu. Chukua kishungi, kiloweke, kitazame.

Karanga nazo zina kesi yake. Ua liko juu lakini ganda hukomaa ardhini, kwa hiyo wa mizizini na wa kwenye punje hukutana. Afrika Kusini inafahamika kwa Ditylenchus africanus, ambaye huingia kwenye ganda, akafika hadi kwenye ngozi ya karanga yenyewe. Ganda huwa na michirizi myeusi na ngozi ya karanga hubadilika rangi. Minyoo fundo pia hushambulia maganda ya karanga yakiwa bado ardhini. Kanuni yangu kwa karanga ni kutopanda zikiwa na maganda, na kutupa kila punje iliyobadilika rangi.

Kundi la mwisho halimo ndani ya mbegu bali limefuatana nayo. Jike wa mnyoo wa soya, Heterodera glycines, akifa, mwili wake hugeuka kifuko kigumu kilichojaa mayai, na mayai hayo hukaa hai ardhini miaka mingi. Vifuko hivyo hunaswa kwenye vidonge vya udongo vyenye ukubwa wa punje, vinavyopita kwenye mashine ya kuvuna na chekecho pamoja na soya. Mbegu ni salama, mfuko si salama. Dawa yake ni kuusafisha mfuko: pepeta, chekecha, ondoa kila kidonge cha udongo.

Kupima mbegu mwenyewe

Maabara hutumia njia iliyotokana na faneli ya Baermann, daktari aliyekuwa Java, ambaye mwaka 1917 alikuwa anatafuta mabuu ya safura kwenye udongo. Faneli huna? Sahani inatosha. Mantiki yake ni nyepesi: mnyoo hai akipata maji atatoka mwenyewe, atapenya karatasi na kuzama chini, ilhali takataka zitabaki juu.

1. Chota mbegu kidogo kidogo kutoka juu, katikati, chini na pembeni mwa gunia, zichanganye, kisha hesabu punje 300.
2. Mpunga ukoboe kwa mkono na usitupe makapi, kwa kuwa minyoo wengi wako upande wa ndani wa kapi. Ngano kagua kwanza kwa macho, utenge zinazotia shaka na kuzipasua. Maharage na karanga zipasue.
3. Weka chujio lenye matundu mapana juu ya sahani isiyo na kina. Tandika karatasi ya tishu isiyoyeyuka ovyo kwenye maji. Sambaza mbegu na makapi juu yake.
4. Mimina maji safi kwa upande wa sahani mpaka yaguse karatasi kwa chini na kuilowesha. Mbegu zisielee.
5. Acha kwa saa 24 hadi 48 mahali pasipo na baridi wala jua. Ongeza maji yakipungua.
6. Nyanyua chujio polepole. Mimina maji ya sahani kwenye glasi nyembamba, yaache yatulie saa kadhaa, kisha nyonya maji ya juu kwa mrija na ubakize kijiko kimoja au viwili vya chini.
7. Weka maji hayo kwenye kisahani kidogo cha kioo au kifuniko kinachopitisha mwanga, chini yake kuwe na kitu cheusi, mwanga uingie kwa ubavu. Tazama kwa ukuzaji wa mara 20 hadi 40.

Lenzi ya mara 10 itakuchosha bure. Aphelenchoides hawezi kufika milimita moja na wembamba wake hauonekani. Unachokiona ni mstari unaojikunja na kujikunjua.

Ukiona kitu kinatembea, usikimbilie kulia. Maji, tishu chafu na mbegu zilizoanza kuoza zina minyoo wengine wanaokula bakteria, wasiojua hata mmea ni nini. Mwendo haukusaidii sana kuwatofautisha. Kinachoamua ni mdomo: mnyoo anayekula mimea ana sindano ngumu mdomoni anayoitoa na kuirudisha, na kuiona vizuri unahitaji hadubini yenye ukuzaji wa mara 100 na kuendelea. Kama huna, peleka maji hayo, yakiwa mabichi na si baada ya wiki, kwa maabara ya afya ya mimea. Na mnyoo unayemwona waziwazi kwa macho matupu akitambaa kwenye mbegu iliyoota ni mwingine kabisa, labda buu la inzi mdogo wa kwenye vitalu au mnyoo mweupe wa mboji.

Kuhusu namba 300: usipoona kitu katika punje 300 zilizopimwa vizuri, unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba punje zenye mnyoo hazizidi moja kati ya mia. Hivyo tu. Punje moja kati ya mia, kwenye shamba la mpunga, bado ni miche mingi sana. Kwa mbegu utakazozigawa au kuzizalisha, pima mara kadhaa.

Kusafisha

Kwa ngano yenye punje bandia, tumia maji ya chumvi. Yeyusha kilo 2 za chumvi katika lita 10 za maji, mimina ngano kidogo kidogo huku unakoroga kwa nguvu ili mapovu ya hewa yatoke. Punje bandia ni nyepesi, zinaelea pamoja na makapi. Ngano nzima inazama. Engua kilichoelea mara moja. Usiiache ngano ikalala kwenye chumvi. Isuuze kwa maji mengi safi mpaka ladha ya chumvi iishe, na uianike nyembamba kivulini penye upepo. Chumvi iliyobaki kwenye punje inaharibu uotaji kuliko hao minyoo.

Kwa mpunga, ni maji moto, na hapa ndipo ninapogombana na watu. Wanataka kutumia mkono kama kipimajoto. Nyuzi 52 na nyuzi 58 zote mkononi ni "moto", lakini mbegu iliyolowa inajua tofauti yake. Nunua kipimajoto au uache.

Loweka mpunga kwanza kwenye maji ya kawaida kwa saa 18 hadi 24. Hatua hii watu huiruka kwa kuiona ni kupoteza siku, na bila hiyo kazi inaharibika: mnyoo mkavu anavumilia joto, aliyeamka hawezi. Baada ya hapo tia mbegu kwenye mfuko wa wavu, usiujaze zaidi ya nusu ili maji yapite katikati, na uzamishe kwenye maji yenye nyuzi 51 hadi 53 kwa dakika 15. Maji yawe mengi mara kadhaa kuliko mbegu, maana mbegu iliyolowa ni baridi na itayashusha joto papo hapo. Weka pembeni chombo cha maji ya moto zaidi, uwe unaongeza na kukoroga, ukiyamimina mbali na mfuko. Chomeka kipimajoto katikati ya mfuko, na uanze kuhesabu dakika pale kinapofika 51, si pale ulipouzamisha. Zikitimia, toa mfuko uutumbukize kwenye maji baridi. Kama hupandi siku hiyo, anika mbegu mpaka zikauke vizuri.

Kabla ya kutia gunia zima, fanya kwa kiganja kimoja tu. Otesha punje 100 zilizopita maji moto na punje 100 ambazo hazikupita, juu ya karatasi yenye unyevu. Mbegu za zamani au zilizohifadhiwa vibaya zinaweza kufa nyingi, na ni afadhali uligundue hilo ukiwa umepoteza kiganja.

Maharage, soya na karanga usizipeleke kwenye maji moto. Ngozi inapasuka, mbegu inavimba, na unachobakiwa nacho ni chakula. Kwa hizo njia ni kuchambua kwa mkono, kukataa fungu lenye dalili, na kupanda mbegu iliyotoka shamba lililokaguliwa likiwa bado bichi. Ile dawa ya rangi ya waridi inayopakwa mbegu dhidi ya ukungu usiitegemee hapa. Imetengenezwa kwa ajili ya ukungu, na minyoo wanaishi chini ya ngozi ambako haifiki.

Usisahau vipando

Yote niliyosema ni ya punje. Viazi vya kupanda, tangawizi, viazi vikuu, vitunguu saumu na machipukizi ya migomba ni vipande vya mmea ule ule, vyenye unyevu, vingine vimekaa ardhini miezi kadhaa. Mnyoo fundo asiyeweza kuingia kwenye mbegu ya nyanya anaingia kwenye kiazi bila shida, na vifuko vya mayai vya minyoo wa viazi husafiri na udongo uliogandamana kwenye macho yake. Ukiniuliza mimi, minyoo wengi wamevuka mipaka kwa njia hii kuliko kwa mifuko ya mbegu.

Chipukizi la mgomba lina bahati ya kuwa na nyama ya kutosha. Limenye kwa panga hadi tunguu libaki jeupe tupu. Sehemu yoyote yenye madoa ya zambarau au meusi ondoa, na kama doa linaingia ndani sana, litupe. Kisha lizamishe kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30, ulitoe na kuliacha lipoe. Sekunde 30, siyo dakika. Joto linaua walio karibu na ngozi kabla halijafika kwenye moyo wa chipukizi.

Vitunguu saumu huwa nawashauri watu wavikatae tu vikiwa na dalili: kitako kimeoza au kinaachia kwa urahisi, shingo imevimba, vipande vimelegea. Ipo njia ya maji ya nyuzi 38 kwa nusu saa na kisha nyuzi 49 kwa dakika 20, lakini kwa maji matupu inapunguza minyoo bila kuwamaliza, na ukikosea kwa nyuzi chache unapika kitunguu.

Sasa kuna mabaki. Maji ya kupimia yachemshe kabla ya kuyamwaga, na makapi uyachome. Mpunga uliokutwa na mnyoo unaweza kukobolewa na kuliwa, kwa kuwa huyo hamdhuru mtu. Ila makapi yake yasirudi shambani. Punje bandia za ngano zichome zote, usizitupe kwenye mboji. Na kama unachosafisha ni mbegu za nyasi za malisho aina ya rai, usithubutu kuwapa mifugo takataka zilizochekechwa: huko Australia mnyoo jamaa wa yule wa ngano hubeba bakteria aitwaye Rathayibacter toxicus hadi kwenye suke, na punje bandia zenye sumu ya bakteria huyo zimeua kondoo na ng'ombe wengi.